Siku Mfaume Alipogeuzwa Mtu Mzima

Kijiji kizima cha Mitole kilikuwa na hakika kwamba Mfaume si mtu mzima. Ndevu alikuwa nazo, na nguvu za kulima kutwa alikuwa nazo, lakini akili yake ilikwenda polepole na maneno yalimtoka kwa shida. Basi barazani haketi, harusini anapakuliwa chakula chake nyuma ya nyumba, na hata vijana aliowazidi umri humwita "mwanangu". Dada yake Mwahija, aliyeishi naye tangu wazazi wao wafe, aliambiwa kuwa huko ndiko kupendwa.

Kisha akida wa Wadachi akataka wanaume wa kulima pamba ya serikali, mmoja kila nyumba. Akili za Mfaume zikakomaa siku hiyo hiyo.

"Huyu ni mwanamume kamili," Jumbe Dadi alisema mlangoni kwa Mwahija, kwa adabu asiyowahi kumwonyesha. "Akimaliza zamu yenu, amshikie zamu na kijana wangu Bakary. Mgongo unamsumbua."

"Umeanza lini?"

"Jana."

Mfaume akaenda. Alilima zamu yake na ya Bakary, akachapwa viboko sawa na wenzake. Huko hakuna aliyembagua. Aliporudi, Mwahija alimkanda majeraha huku akilia kimya kimya. Yalipopoa, akamvika kanzu ya marehemu baba yao, akampeleka barazani, ambako wanaume walikuwa wakipanga zamu mpya. Mfaume akaketi mkekani, katikati yao.

"Mwanangu," jumbe akasema, "hapa ni pa watu wazima."

"Pamba nimelima," Mfaume akajibu taratibu. "Mimi mtu mzima."

"Kama ni mtoto, Jumbe," Mwahija akasema akiwa amesimama nje, "kamwambie akida ulimpelekea mtoto."

Jumbe akakohoa, kisha akapendekeza Mfaume arudi tena shambani, maana amekwisha kuzoea.

"Siendi," akasema Mfaume. "Bakary aende."

Mzee Fakihi, ambaye mwanawe alikuwa amepangwa zamu hiyo hiyo bila wa kumshikia, aliona ghafla busara kubwa katika maneno hayo. Wengine wakaiona pia. Bakary akaenda.

Tangu hapo Mfaume hakukosa barazani. Alisema machache, akasinzia mengine yakisemwa, kama wenzake. Nyumbani Mwahija akazoea kula peke yake, akimngojea aje amsimulie nani kasema nini, na nusu ya masimulizi hayo Mfaume alikuwa akiikosea.