Kuti la Nwakaego

Jumatano ya Majivu katekista alipita nyumba kwa nyumba akikusanya makuti ya mwaka jana yakachomwe. Nikamwambia la kwetu limeliwa na panya. Uongo. Lilikuwa juu ya mlango, pale nilipolitundika baada ya kulifungua kwenye gari lililomleta mke wangu kutoka mochwari. Kwetu gari la maiti hufungwa kuti mbele, watu wapishe.

Nwakaego mwenyewe ndiye aliyelipeleka likabarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka jana. Ijumaa Kuu akapanda kilima na msalaba wa akina mama, peku, jua kali, na dawa zake za presha hakuzigusa Kwaresima nzima. Mwenyekiti wao, Lolo Uzoamaka, alimwambia kidonge hakishuki bila maji, na maji ni kufungua. Akaanguka katikati ya njia, hakuamka. Sasa Padri anatangaza kila Jumapili: wagonjwa wasifunge. Sasa! Mwaka jana mdomo ulikuwa wapi?

Alikuwa ameweka nadhiri binti yetu Olanma apate mtoto. Olanma kapata mimba. Tumbo liko mbele, miguu imevimba kama viazi vikuu.

"Baba, mama hakufika juu," akaniambia. "Nadhiri yake nitaimaliza mimi."

"Na huyo aliye tumboni umemuuliza?"

"Baba, usianze."

"Na mwenyekiti wenu atabeba nini? Mwavuli?"

Akacheka, kisha akalia. Lakini hakubadili nia.

Basi Ijumaa Kuu asubuhi nikalishusha kuti, nikalifunga kwenye miti miwili, njia ya kilimani ikazibika. Kwetu kuti likishafungwa njiani, hata mlevi anageuza. Nikakaa kando, juu ya jiwe.

Wakaja wakiimba. Walipoliona, wimbo ukawafia midomoni.

"Nani kafunga hii?" akauliza Lolo. Mwavuli anao, kweli.

"Mimi. Pita basi, Lolo. Si wewe mwenye imani?"

"Mzee, unatuaibisha mbele ya Padri."

"Mimi nilifiwa mbele ya Padri. Siku hiyo sikumwona mtu mwenye aibu."

Hakuna mwanamke aliyeinua mguu. Padri Okechi akapenya kutoka nyuma, jasho linamtiririka.

"Ndugu yangu, hili ni jani tu."

"Mbona ulilinyunyizia maji ya baraka, Baba?"

Akalitazama tumbo la binti yangu, na niliona ameelewa. Neno moja tu lingetosha: Olanma, rudi nyumbani. Nililingoja neno hilo kama mtu anavyongoja daktari atoke chumbani. Padri akamtazama Lolo, akautazama umati.

"Mtu hazuiwi imani yake," akasema, akalikata kuti kwa mikono yake.

Hata hapo wanawake walisimama tu. Aliyetoka ni Olanma. Akavua ndala, akaziweka miguuni pangu.

"Nisamehe, Baba."

Akaingiza bega chini ya msalaba. Wengine wakamfuata, Lolo naye, wimbo ukarudi.

Nikaokota ndala. Nikaokota na vipande vya kuti. Nikaenda nyuma ya binti yangu, karibu kuliko mtu yeyote, mikono tayari. Kilima hata nusu hatujafika, pumzi yake nilikuwa naisikia kupita wimbo. Kila alipoyumba, Lolo alisema, "Jikaze, mwanangu, Bwana naye aliyumba."

Vipande vya kuti nimevitia mfukoni. Gari likihitajika, vipo.