Mstari Mtupu Ukutani

Katika Shirikisho la Mito Saba mfalme alikuwa Kiboko, na kiboko hahitaji daraja. Waliohitaji ni raia. Ndiyo maana waasisi walitunga sheria kwamba kila kinachonunuliwa na serikali kiandikwe kwenye Ukuta wa Matumizi, uwanjani, kila mwenye macho asome. Sheria ilikuwa nzuri. Wasomaji ndio waliokuwa haba.

Kakakuona alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu. Kila jioni alikwenda kwenye darasa la Korongo, akakaa nyuma kabisa kwa aibu, na kabla ya kulala aliomba, "Mungu wangu, nifungue macho." Mwaka wa tatu macho yakafunguka. Ndipo Fisi alipomjia.

"Mzee wangu, nasikia siku hizi unasoma ukuta kama sisi tunavyosoma mfupa. Nataka kuuza kamba za madaraja. Hebu nitazamie hilo soko, lina nyama au halina?"

Hakuna aliyewahi kumwomba Kakakuona kazi ya kichwa. Siku kumi na mbili alisimama ukutani akinakili: nani aliuza, kwa bei gani, kamba zilidumu miaka mingapi. Kisha akampelekea Fisi majibu.

"Soko ni dogo. Mnunuzi ni serikali peke yake. Muuzaji ni Mnana peke yake, naye husokota katani safi, hivyo faida yake nyembamba. Wakubwa hawalitazami." Akaongeza kwa fahari ya mwanafunzi aliyeona kilichowapita wenzake, "Halafu kuna mstari wa mkaguzi wa kamba. Huu mwaka wa nne uko mtupu. Hajalipwa mtu."

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hapo ndipo penye nyama!"

Msimu uliofuata Fisi aliingia zabuni kwa nusu ya bei ya Mnana, akapewa. Kamba zake zilikuwa nyuzi za mgomba zilizopakwa rangi ya katani. Mvua za kwanza tu, daraja la mto wa tatu likakatika, na ndama wawili wa Mama Nyumbu wakaenda na maji.

Baraza likaitwa. Kiboko alikuwa kidimbwini, pua tu zikionekana.

"Nani alaumiwe?"

"Nyumbu, Mtukufu," alisema Fisi. "Hawa hawatembei, wanatwanga. Daraja lile ni la wapita njia wastaarabu."

Baraza likacheka. Mama Nyumbu hakuinua kichwa. "Walikuwa nyuma yangu," alisema. "Niliwaambia polepole."

"Basi atalipia kamba mpya," Kiboko akaamua.

Kakakuona alihisi mgongo wake ukianza kujikunja. Ndiyo desturi ya ukoo wao: wakiogopa hujiviringa, magamba nje, mpaka hatari ipite, hata kama imempitia mwingine. Pua yake ilikwisha kugusa tumbo. Akamwomba Mungu, akajinyoosha.

"Mtukufu, kamba zile ni mgomba. Na aliyemwonyesha Fisi kwamba hakuna atakayezikagua ni mimi."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilisoma ukuta."

Kiboko alipuliza maji. "Kumbe ukuta ndio uliotuletea msiba! Upigwe lipu leo hii. Fisi, lipu unauza?"

"Nauza, Mtukufu."

Jioni ile Kakakuona hakukaa nyuma. Alimwomba Korongo chaki, akaandika ubaoni, *Mkaguzi wa kamba*, na mbele yake akaacha wazi.

"Someni."

"Mzee, hapo mbele hapana kitu," alisema Sungura.

"Kweli, hapana kitu. Mimi nilipaona hivyo hivyo, nikafurahi."

Alipogeuka, Mama Nyumbu alikuwa mlangoni. Hakumsalimu. Alipita katikati ya madawati, akaketi pale nyuma, mahali pale pale alipozoea kukaa Kakakuona, akautazama ubao.

"Haya," alisema. "Nianze na herufi ipi?"