Uzazi Ndani ya Kochi Bovu

Fundi makochi alipewa jina la utani la Springi kwa sababu hakujua kutulia. Asubuhi hiyo aliamua kulivunja kochi bovu lililokuwa nyuma ya karakana yake, kando ya ua wa miti. Mwenye kochi alikuwa amehama bila kuaga, na mbao zake bado zilikuwa nzima. Majani makavu yalijaa chini yake, nyasi zimepanda hadi kwenye mikono ya kochi.

Alichana kitambaa cha pembeni kidogo tu, mara ikatoka sauti ya kufoka. Akaruka nyuma.

"Dada, njoo. Kuna nyoka humu."

Dada yake mkubwa, mkunga aliyestaafu, alikuwa akinywa chai mlangoni. Alikuja bila haraka, akainama, akachungulia penye mpasuko.

"Si nyoka," alinong'ona. "Ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Tena ana uchungu."

"Nimemkata?"

"Uchungu wa kuzaa, we mtu. Shusha sauti."

Springi akalala kifudifudi kando yake. Mle ndani, katika kiota cha majani na sponji iliyonyofolewa, mnyama alikuwa amejilaza ubavu, pua ikimtetemeka. Watoto wawili walikwisha kufika. Wa tatu akazaliwa mbele ya macho yao: mwekundu, kipofu, mdogo kama kidole gumba, mgongo umevimba kama malengelenge.

"Mbona hana miiba?" Springi aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Subiri. Waangalie wale wa kwanza."

Kwenye migongo ya wale wa kwanza uvimbe ulikuwa unanywea, na miiba myeupe inachomoza, laini kama nywele za mswaki.

"Kumbe wanakuja nayo," dada alisema. "Imefichwa ndani ya ngozi, isimchane mama." Alikuwa amepokea watoto wa mtaa mzima, na baadhi ya watoto wa watoto hao. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, mikono mitupu mapajani, macho yamemjaa machozi. "Maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza hawa wanazaliwaje."

Mteja alibisha hodi upande wa mbele, akachoka, akaondoka. Hakuna aliyenyanyuka.

Baadaye walirudisha kitambaa taratibu, wakajiondoa kwa kunyata. Kuanzia siku hiyo Springi alihamishia kazi ya nyundo upande wa barabarani.

Wiki chache zikapita. Jioni moja, jua likizama, ndugu hao wawili walikuwa wamekaa nyuma ya karakana majani yalipoanza kuchakarika. Mama alitoka kwanza, akanusa hewa, kisha wanawe nyuma yake, miiba imekwisha kukomaa. Mmoja alipita juu ya kiatu cha Springi. Alihisi uzito wake mdogo, akazuia pumzi.

Wakaingia kwenye ua wa miti, wakapotea. Kisha kutoka mle kwenye giza ikasikika sauti ndogo ya kutafuna, kavu, ya haraka. Walikuwa wamepata mende.