Isale Mezani kwa Mwalimu

Mwaka 1975, mwezi wa tatu, mume wangu Emilian alilazwa katika hospitali ya kifua kikuu, mbali na kwetu. Aliniandikia barua kila alipopata mtu wa kuileta. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nane na sikujua kusoma, kwa hiyo barua zilisomwa na jirani yetu Bernadetha. Alisoma vizuri, lakini hakujua kunyamaza. Emilian alipoandika kwamba amekonda na kwamba analia, Jumapili iliyofuata kila aliyetoka misani alinipa pole ya machozi ya mume wangu.

Ndiyo sababu niliingia kisomo cha watu wazima. Tulikutana shuleni saa kumi jioni, wanawake kumi na tisa na wazee watano. Mwalimu wetu, Wenseslaus, alikuwa kijana mgeni kutoka Sumbawanga. Mwezi wa nane tungefanya mtihani wa taifa.

Asubuhi niliteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, maana kwetu ng'ombe hafunguliwi, analishwa ndani. Nilipanda na mzigo kichwani, nikafika nyumbani saa sita, kisha nikaingia kwenye kahawa. Njiani nilisali rozari. Katikati ya sala nilijikuta nikisema ba, be, bi, nikamwomba Mama Maria radhi na kuanza upya. Darasani niliwaza ng'ombe, zizini niliwaza darasa, na kote niliwaza kifua cha Emilian.

Siku moja nikasinzia. Mwalimu akagonga dawati langu kwa rula.

"Mama Melkior, kitanda umekiacha nyumbani."

Watu wakacheka. Nikasimama.

"Wewe mtoto, umewahi kubeba hata mzigo mmoja wa majani? Kafundishe wenzako waliokunywa maziwa wakalala."

Nikatoka, na wiki tatu sikurudi. Nilijiambia kwamba sasa nitapumzika, lakini nilifagia uwanja mara mbili kwa siku, na saa kumi ikifika miguu ilitaka kwenda.

Kisha ikaja barua ya nne. Niliipeleka hadi mlangoni kwa Bernadetha, nikageuka nayo bila kubisha hodi. Siku hiyo hiyo Eunike, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja, akaniambia kwamba majina ya watakaofanya mtihani yanapelekwa ofisi ya kata Ijumaa, na kwamba langu limekatwa. Ilikuwa Jumanne.

Nikafanya kama wazazi walivyotufundisha. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, nikalifunga fundo. Ukimkosea mtu unampelekea isale, na akishalipokea hawezi kukataa kukusamehe, hata kama umemuulia ndugu. Nilimkuta mwalimu peke yake darasani, akihangaika na ramani ya Tanzania iliyokataa kukaa ikiwa imekunjwa. Nikaweka isale mezani, nikainamisha kichwa, sikusema neno.

"Asante, mama," akasema. Akalichukua, akalifungua fundo, akaifungia ramani yake. Akaenda kupiga kengele.

Nilirudi nyumbani. Sikuwahi kusikia isale likifanywa kamba. Nilipiga magoti, lakini sala haikwenda mbali. Nilisema tu, "Bwana, nimeshushwa vya kutosha. Sasa unataka nini?"

Kesho yake nikamsimulia Eunike tukipanda na majani. Alicheka hadi akatua mzigo.

"Isale kwa mtu wa Sumbawanga? Dada, huyo ungempelekea hata msitu mzima. Angejuaje?"

"Sikufikiri."

"Basi mwambie kwa mdomo."

"Nikifungua mdomo mbele ya yule kijana nitamtukana tena. Najijua."

"Basi usifungue. Si tulipewa penseli?"

Kahawa haikuniona mchana ule. Nilikaa jikoni na daftari tangu saa nane. Niliandika, nikafuta, karatasi ikatoboka, nikachukua nyingine. Mara tatu nilisimama kutoka, mara tatu nikasema, "Yesu, nikalishe chini," nikakaa. Saa kumi nilimpa mwalimu karatasi. Ilisema:

MWALIMU NISAMEHE. NINACHOKA. NATAKA KUSOMA BARUA YA MUME WANGU MIMI MWENYEWE.

Alisoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Nani amekuandikia?"

"Mkono wangu."

Akaikunja karatasi. Kisha akasema polepole, "Sikujua kwamba mumeo yuko mbali, mama. Nami ile rula haikuwa adabu."

Akatoa orodha. Niliona mstari mweusi juu ya jina langu.

"Nimelikata kwa wino. Siwezi kulifuta."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo andika lingine hapo chini. Wewe mwenyewe."

Nikaandika: Epifania Emilian. Herufi zilipanda kama njia ya kwetu, lakini zilifika zote.

"Na ukisinzia tena?" akauliza.

"Niamshe. Ila nimekuzaa kwa umri, usinigongee mbao."

Wenzangu walikuwa wakiingia. Eunike akanisogezea nafasi. Nilijua ng'ombe hajapewa maji na magugu yananingoja, na miguu ilikuwa tayari kuondoka. Nikaibana chini ya dawati, nikafungua daftari.