Kilomita Tatu za Bwana Bikari

Duara lilikuwa zuri, na Bwana Bikari alijua ni zuri. Alilichora kwa mkono mmoja, bila kutetereka, kilomita tatu kila upande wa zahanati ya mjini, akapuliza vumbi la penseli na kurudi nyuma hatua mbili kulitazama. Waliokuwa nje ya duara wangejengewa zahanati mpya. Waliokuwa ndani walihesabiwa kuwa na huduma karibu, basi, yamekwisha. Kwa miaka ishirini na minne ofisi ya mipango miji ilipima hivyo, na hilo jina lake alilipata kwa jinsi alivyoishika bikari kama wengine wanavyoshika tasbihi.

Mama Birika, mhudumu wa chai, aliweka kikombe mbali na karatasi, akainama na kuutafuta mtaa wake kwa kidole. Aliuona ndani ya duara, pembeni.

"Kumbe sisi tuko karibu na zahanati!" Alicheka hadi mfuniko wa birika ukagonga. "Labda wenye mabawa."

"Kilomita mbili na nusu, mama. Vipimo havidanganyi."

"Sijasema vimedanganya, baba. Nimesema kuna korongo." Kicheko kilimkauka. "Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza alijifungulia njiani. Mtoto hakulia."

Bwana Bikari aliitazama ramani. Korongo lilikuwepo, ndiyo, uzi mwembamba wa buluu, na yeye ndiye aliyeuchora. Ramani ilitakiwa kwa mkuu wa idara Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi alfajiri alibisha hodi mlangoni kwa Mama Birika, saa mkononi, viatu vya ofisini miguuni. Mwenyeji wake alivitazama vile viatu, akamwonea huruma. Wakashika njia ya zahanati. Mzee wa watu alianza kwa mwendo wa askari, akavutwa shati.

"Polepole! Leo wewe ni mjamzito."

"Mimi?"

"Wewe. Miezi tisa, tena mapacha. Shika kiuno."

Akashika kiuno. Walicheka wote wawili mpaka ukingoni, kisha hakuna aliyecheka tena. Njia iliteremka kwenye udongo unaomeguka. Maji yalikuwa yamejaa, hapavukiki, ikabidi waufuate ukingo hadi kwenye daraja la miti, kisha wapande mlima wa ng'ambo, mrefu kama ule waliouteremka. Mara tatu Bwana Bikari aliketi. Mahali fulani pasipo na alama yoyote Mama Birika alisimama, halafu akaendelea. Bwana Bikari hakuuliza, alielewa kuwa ni pale binti alipojifungulia.

Walifika zahanati baada ya saa moja na dakika arobaini. Maisha yake yote alikuwa amejua umbali ni kitu cha kupimwa kwa rula. Sasa ulikuwa umemwingia magotini. Aliona aibu, la haula, aibu ya mtu mzima. Lakini chini ya aibu kulikuwa na shukrani, kwa sababu mwanamke huyu angeweza kuondoa kikombe chake na kumwacha na duara lake zuri.

Ijumaa alimpelekea mkuu wa idara ramani isiyo na duara. Mstari wake ulipinda na kubonyea kama sufuria kuukuu, ukifuata mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka zahanati.

"Nilikosea," alisema. "Si mara hii tu. Mtaa huu uko mbali, na aliyenionyesha ni Mama Birika. Naomba aitwe."

Mkuu aliagiza aitwe, na alipoingia akamvutia kiti. Kisha akauliza zahanati ijengwe wapi.

Mama Birika aliisoma ramani taratibu. Kidole chake kilipita nyumbani kwake, kikasita, kikateremka hadi kwenye njia panda ya chini.

"Hapa. Watu wa mitaa yote mitatu ya upande wetu wa korongo watafika."

"Na binti yako?" Bwana Bikari alinong'ona.

"Atatembea dakika ishirini. Atafika akiwa bado na nguvu za kusukuma."

Bwana Bikari alinoa penseli, akaiweka ncha yake kando ya kile kidole, akangoja akiinue ili atie alama.