Kengele Tatu za Krismasi

"Rudisha valvu, Mama Hana."

"Sirudishi."

"Watu wa Bondeni wananingoja kwenye mazoezi ya kwaya, kule mwisho wa kijiji."

"Waimbe. Mdomo wanao. Shamba lako ndilo halina mdomo, ndiyo maana hulisikii."

Mwinjilisti Nathanaeli aliitazama baiskeli yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kama ngozi iliyoanikwa. Valvu yake, mkewe Dorkas alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, na fundo amelikaza kwa meno. Mtoto alikuwa mgongoni, jembe mkononi, na matope yamemfika magotini.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha panda uwele, na hata shamba la ujamaa lilikuwa limepandwa. Lililobaki na mabua ya mwaka jana ni la mwinjilisti peke yake. Dorkas alikuwa amelima pembe moja tangu alfajiri, na jua la Singida halimngoji mtu: likiwaka siku chache, udongo unarudi kuwa jiwe.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, Krismasi kwanza," alisema. "Tukala unga wa njano wa msaada mpaka watoto wakauogopa. Mwaka huu msaada hautakuja, Baba Hana. Nani atamhurumia mtu aliyeona mvua akaenda kuimba?"

Mzee Melkizedeki alikuwa anaingia uani, fimbo mbele, na nyuma yake Mama Theodora, kiongozi wa akina mama wa Mbugani. Ugomvi ukakatika.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba, wanangu. Endeleeni kugombana, sisi tuna neno fupi tu," alisema Mzee Melkizedeki, akakaa kwenye kigoda. "Mwinjilisti, sisi wa Mlimani tumekuja kuhakikisha. Ibada yetu ya Krismasi ni asubuhi, kama ulivyotuahidi."

"Asubuhi?" Mama Theodora aligeuka. "Asubuhi ni yetu wa Mbugani! Alituahidi mbele ya kwaya."

Dorkas alimtazama mumewe. Mumewe alitazama baiskeli.

"Na Bondeni?" aliuliza Dorkas polepole. "Umewaahidi saa ngapi?"

"Asubuhi," alisema Nathanaeli, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ilipowahamishia watu wa Mlimani, Mbugani na Bondeni kwenye kijiji kimoja, upande huu wa Ihanja, walikuja na milango yao, kuku wao, na kila kundi na kengele ya kanisa lake, rimu ya lori iliyopigwa kwa chuma. Makanisa yenyewe yalibaki kwenye mahame, vijiji vyao vya zamani, hayana paa, majani yameota mpaka madhabahuni. Lakini Krismasi ikifika kila kundi lilirudi kwao, na mwinjilisti alikuwa mmoja. Wala hakuwahi kujua kumwambia mtu hapana.

"Sisi hatutakubali ibada ya mchana," alisema Mzee Melkizedeki. "Krismasi ya mchana ni makombo."

"Na sisi tule makombo yenu?" alisema Mama Theodora. "Mama yangu amezikwa pale Mbugani. Nisimwimbie?"

"Mama yako alikuwa hapendi hata kuimba."

"Wee Mzee!"

Dorkas alitupa jembe chini. Lilitoa mlio, mtoto akashtuka mgongoni.

"Wazee wangu, nisameheni, mimi sina adabu ya kuzunguka. Mariamu naye alihamishwa kwa amri ya serikali, tumbo likiwa juu. Alijifungulia wapi? Alikofika. Hakusema, jamani nirudisheni Nazareti nikajifungulie kwenye mahame yangu."

Mama Theodora alianza kucheka, akajiziba mdomo na khanga, kicheko kikampita pembeni. Mzee Melkizedeki alichora chini kwa fimbo.

"Ibada moja, basi?" alisema mwishowe. "Hapa?"

Wote wakamgeukia Nathanaeli. Hili Dorkas hakuweza kumsemea.

"Moja," alisema Nathanaeli. "Asubuhi, mbele ya ghala la kijiji. Nilikosea kuwaahidi wote. Kwenye mahame siku hiyo sitakwenda, Mzee. Kwenye kaburi la mama, Mama Theodora, nitakusindikiza baada ya sikukuu, tukaimbe."

Kisha Mzee akasema, "Kengele ya Mlimani ipigwe kwanza."

"Ipigwe," alisema Nathanaeli.

"Na yetu ya mwisho," alisema Mama Theodora. "Ya mwisho ndiyo inayobaki masikioni."

"Lakini kwaya hizi hazijawahi kuimba pamoja," alisema Mzee. "Wa Mlimani tunaimba taratibu. Hawa wa Mbugani wanaimba kama wanafukuza ndege shambani."

"Ndiyo maana mazoezi yataanza leo," alisema Dorkas. "Kwenye shamba la mwinjilisti. Wengine wanaita watu kulima kwa pombe. Mimi mke wa kanisa sina pombe, nina togwa, mtungi umejaa. Jembe ndilo litakalowafundisha kwenda pamoja."

"Binti, wewe ungefaa kuwa katibu kata," alisema Mzee Melkizedeki, akainuka kwenda kufungua rimu yake.

Dorkas alifungua fundo kwa meno, akamwekea mumewe valvu kiganjani. "Jaza upepo. Ukalete kengele ya Bondeni, na Bondeni wenyewe."

Jua lilikuwa halijawa kali rimu tatu zilipotundikwa kwenye boriti ya ghala. Mzee akapiga yake. Nathanaeli, jasho likimtoka, akapiga ya Bondeni. Mama Theodora akamalizia, akapiga kwa nguvu kupita wote. Watu wakatoka majumbani wakiulizana kuna moto wapi.

"Hakuna moto!" Dorkas aliwapigia kelele, ameshaanza kutembea kuelekea shambani, mbegu za uwele kwenye kibuyu. "Ni mazoezi ya kwaya! Njooni na majembe!"