Mikunjo ya Buldogi

Mama Pasi hakuwa mtu wa mbwa, na huyu ndiye hasa aliyemshinda. Jamani, kuna mbwa na kuna adhabu. Alikuwa buldogi, mnene, miguu mifupi kama ya kochi, uso mikunjo juu ya mikunjo, ute unamning'inia mdomoni hadi kifuani. Akilala anakoroma kuliko mlevi. Akiamka anajamba, kisha anakutazama kana kwamba umejamba wewe.

Mbwa alikuwa wa mdogo wake, dereva wa lori aliyevunjika mguu akalazwa hospitali. Tangu afiwe na mkewe, dereva hakuwa na mwenzi mwingine nyumbani ila hilo jinyama. Alimkabidhi dada yake mbwa huyo pamoja na karatasi ya maagizo: asitembezwe juani, maana pua yake fupi haimpi pumzi, asilishwe kupita kiasi, na mikunjo ya uso ifutwe kila siku, ikaushwe. Mama Pasi aliisoma nusu, akaichomeka nyuma ya kopo la sabuni. Nani wa kumfundisha yeye usafi? Huu ulikuwa mwaka wake wa thelathini wa udobi.

Basi akamfua. Asubuhi sabuni, jioni sabuni, anammiminia maji ya ndoo huku amejifunga kitambaa puani, kisha anamfungia stoo asije akagusa shuka za watu. Wiki ya pili uvundo ukazidi. Akaongeza sabuni. Ukawa uvundo wa panya aliyefia nyuma ya kabati, ukamfuata hadi kwenye chai. Akawaambia wasichana wake wa kupiga pasi kwamba mchafu ni mchafu tu, hata umchovye kwenye pipa la sabuni.

Wiki ya tatu jicho la kushoto likaanza kutoa usaha, akamwita daktari wa mifugo. Daktari alipiga magoti, akafunua mkunjo wa chini ya jicho kwa vidole viwili. Ndani nyama ilikuwa nyekundu, imechubuka, na utando kama wa maziwa yaliyoganda ukateleza kwenye kidole chake. Mama Pasi akatapika kwenye ndoo ya kufulia. Daktari alisema kidonda kimebakiza upana wa ukucha kulifikia jicho, kikilifikia, litang'olewa. Akauliza mbwa anaoshwaje. Akaelezwa, tena kwa majivuno.

"Na ukishamwosha, unamkausha na nini?"

Mama Pasi aliinua macho. Juu ya meza ya pasi kulikuwa na ubao alioandika kwa mkono wake mwenyewe: NGUO MBICHI HAIKUNJWI. Kwa kosa hilo alishawafukuza kazi wasichana wawili. Nguo mbichi ikikunjwa huvunda, hata mtoto anajua. Na yeye wiki tatu nzima alikuwa akikiloweka kiumbe chenye uso uliokunjwa, halafu anakifungia gizani. Kinyaa chote alichomwekea mbwa kikamrudia mwenyewe. Wasichana waliutazama ubao, wakainamia pasi zao.

Zilibaki siku nane dereva aruhusiwe kutoka. Mama Pasi alichana shuka lake jipya la pamba vipande vipande, akakaa sakafuni. Mara nne kwa siku alifuta, akakausha, akapaka dawa, mkunjo kwa mkunjo, mpaka ule wa chini ya kimkia, ambao, Mungu wangu, ulikuwa mbaya kuliko yote. Wala hakuzoea. Siku ya kwanza alijifunga kitambaa puani, na siku ya nane vilevile. Lililomuudhi zaidi ni kwamba jinyama lilimlamba mkono uleule uliokuwa ukiliumiza.

Mdogo wake alirudi kwa magongo. Alikaa kitini, akapitisha kidole chini ya jicho la mbwa, akakinusa.

"Dada, umemtunza kuliko mimi. Ahsante."

Mama Pasi angeweza kunyamaza, na siri ingebaki kwa wasichana.

"Usinishukuru," alisema. "Mimi ndiye niliyemfanya aoze uso. Karatasi yako niliisoma nusu. Jicho lilibaki kidogo ling'olewe."

Hasira ilimpanda dereva hadi shingoni. Mbwa akajamba. Hakuna aliyecheka.

"Miezi miwili siruhusiwi kuinama," alisema dereva. "Na huyo atakaushwa asubuhi na jioni."

Mama Pasi alimvuta mbwa karibu. Alitoa kitambaa kikavu mfukoni mwa aproni, akabana pumzi, akapiga magoti.